Kujifunza Kinanda Ukubwani

Haya ni maneno yaliyosemwa katika semina ya wanakwaya, wazee wa jumuiya na viongozi wa vikundi vya maendeleo. Tumeyachapa kwa ombi la waliohudhuria.



Nimeombwa niongee juu ya elimu ya watu wazima. Mnanijua kwa kazi hiyo. Kwa miaka mingi nimezunguka vijiji hivi nikiwahimiza wazee waingie madarasa ya ngumbaru, na akina mama wajifunze kuweka hesabu za vikundi vyao. Lakini leo sikuja kuwahimiza. Nataka niwaeleze jinsi mimi mwenyewe nilivyoaibika mbele ya kinanda, na yale niliyojifunza kutokana na aibu hiyo.

SWALI LA MAMA MMOJA

Mnakumbuka kwamba kinanda chetu cha stima kilinunuliwa kwa harambee. Kuna waliotoa kuku, kuna waliotoa maharagwe, na kuna waliotoa pesa za kuuza maziwa. Kijana aliyekuwa akikipiga alipata kazi mjini akaenda zake, na hiyo ni haki yake. Kinanda kikabaki kwenye sakristia kimefunikwa kwa leso. Mwezi wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, hata wa nane. Katika mkutano mmoja mtu akapendekeza kiuzwe kabla panya hawajakula nyaya.

Wiki hiyo hiyo nilikuwa kwa darasa la ngumbaru, nikisifu faida ya kusoma hata kama una mvi. Mama mmoja mwenye wajukuu saba akainua mkono. Akaniuliza, "Madam, wewe unatuambia kila siku tujifunze. Wewe mwenyewe mwaka huu umejifunza nini?"

Darasa lilinyamaza. Nilitafuta jibu nikalikosa. Nina diploma yangu ya kazi za jamii, lakini niliipata nikiwa msichana. Tangu hapo nimekuwa nikifundisha wengine tu. Siku hiyo nilitoka darasani nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kwaya, nikamwomba ufunguo wa sakristia. Nilikuwa na miaka 46.

MASHINE YENYEWE

Wengi hudhani kinanda hiki ni kama kile cha zamani cha kukanyaga kwa miguu. Sivyo. Kile cha kukanyaga hutoa sauti kwa upepo: ukibonyeza kinalia, ukiachilia kinanyamaza, basi. Hiki cha siku hizi ni kinanda, na pia ni bendi nzima. Vingi vya aina hii vina vibao 61 vya kupigia, yaani 36 vyeupe na 25 vyeusi. Juu ya vibao kuna vitufe vingi, na kioo kidogo kinachoonyesha namba. Ndani yake mna mamia ya sauti: piano, filimbi, gitaa, tarumbeta na nyinginezo. Tena mna midundo ya nchi mbalimbali.

Vibao vimegawanywa sehemu mbili. Mkono wa kulia unapiga wimbo wenyewe. Mkono wa kushoto unabonyeza sauti tatu kwa pamoja, ambazo wapigaji huziita kodi. Si ile kodi ya serikali, msiogope. Mashine ikiisikia kodi ya mkono wa kushoto, inaleta ngoma, besi na gitaa kuifuata. Ukibadilisha kodi, bendi yote inahama nawe. Kuna kitufe cha kianzio cha wimbo, kuna cha kuutia mdundo nguvu zaidi, na kuna cha kimalizio.

Kijana akiona mambo haya anafurahi. Anabonyeza hiki, anabonyeza kile, akikosea anacheka. Mimi nilipoona vitufe vile nilihisi kama mtu aliyeingizwa kwenye chumba cha rubani wa ndege. Kitabu cha maelezo kilikuwa cha Kiingereza, tena si Kiingereza kile tulichofundishwa shuleni. Nilisoma kurasa sita, usingizi ukanichukua.

Basi nikatafuta mwalimu. Nikampata kijana wa kidato cha tatu, ambaye alikuwa akimbebea yule mpiga kinanda wetu nyaya zake, huku akijifunza kwa kuangalia. Hapa ndipo somo langu la kwanza lilipoanza, na halikuwa la muziki. Mtoto huyu nilimjua tangu akiwa chekechea. Mamake ni rafiki yangu. Nje ya sakristia ananiita Madam na kunipokea mkoba. Ndani, ilinibidi mimi nimwite Mwalimu. Siku ya kwanza aliniambia kwa sauti ya chini, "Samahani Madam, hicho kidole sicho." Halafu akatazama sakafu. Nikaona kwamba nisipompa ruhusa, ataniacha niendelee kukosea kwa sababu ya heshima. Nikamwambia, "Mwalimu, humu ndani wewe ndiwe mkubwa. Nikikosea, sema." Tangu siku hiyo tukaenda vizuri.

KUMBE TULIKUWA NAYO TAYARI

Kuna methali tunayopenda kuitumia: samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, mtoto hukunjika upesi. Vidole vyangu ni vigumu, na kile cha mwisho hakisikii amri kabisa. Lakini methali hii tumeitumia vibaya, kana kwamba mtu mzima ni samaki mkavu wa kuning'inizwa tu. Mtu mzima haji darasani mikono mitupu. Kuna vitu amebeba, hata kama yeye mwenyewe hajui.

Mimi nimeimba sauti ya pili katika kwaya tangu nikiwa msichana, na nyimbo zetu tumezisoma kwa solfa. Mfumo huo wa do, re, mi ulienezwa na mchungaji mmoja wa Uingereza, John Curwen, katika karne ya 19. Aliendeleza kazi ya mwalimu Sarah Glover wa mji wa Norwich. Nia yake ilikuwa watu wa kawaida, wasiojua nota za mistari, waweze kuimba pamoja. Wamishonari wakauleta huku kwetu, nasi tukaushika.

Mwalimu wangu aliponionyesha kodi ya kwanza alitaja herufi: C, E, G. Sikuelewa. Nikamwomba apige polepole, kibao kimoja kimoja. Nikasikia: do, mi, so. Kumbe! Akapiga ya pili, nikasikia: fa, la, do. Akapiga ya tatu: so, ti, re. Haya ni mambo niliyokuwa nikiyaimba kwa miaka 30 bila kujua yana jina lingine. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikiimba njiani kama mtu aliyeokota pesa.

Kodi hizo tatu zinatosha kusindikiza nyimbo nyingi tunazoimba kanisani. Na kwenye kinanda hiki, do inaweza kubaki pale pale hata kama wimbo unapanda au unashuka. Kuna kitufe cha kuhamisha sauti, nusu hatua kwa nusu hatua. Kutoka do hadi do ya juu ni nusu hatua 12. Akina mama wakiwa wamechoka na sauti haipandi, nashusha mbili, na vidole vyangu vinapiga vibao vile vile. Ila ukimaliza, rudisha kwenye sifuri. Mimi nilisahau mara moja katika mazoezi baada ya kupandisha tatu. Wimbo uliofuata, akina baba waliimba kama jogoo anayekabwa.

AIBU YA JUMAPILI

Baada ya miezi minne nilijiona nimeiva. Nikakubali kupiga katika Misa ya pili, ile yenye watu wengi.

Kuna kitufe kimoja ambacho kikiwashwa, mashine inakaa kungojea. Ukigusa tu kibao cha upande wa kushoto, ngoma zinaanza zenyewe. Ni kitufe kizuri cha kuanzia wimbo. Tulipomaliza kuimba Mtakatifu, nilikiwasha mapema ili niwe tayari kwa wimbo unaofuata. Tukapiga magoti. Padre akainua Hostia. Kanisa likawa kimya, hata watoto. Mimi nikainamisha kichwa, na mkono wa sweta yangu ukagusa vibao.

Ngoma zikalipuka. Ilikuwa rumba, tena na tarumbeta. Nilibonyeza vitufe vitatu, na kila kimoja kikaongeza kelele nyingine. Mwishowe mwalimu wangu alikimbia akachomoa waya ukutani.

Mwongozo wa Misale ya Roma, namba 32, unaeleza wazi kwamba padre anapotamka sala zake, hasa Sala ya Ekaristi, pasiwe na sala nyingine wala wimbo, na kinanda na ala nyingine zote zinyamaze. Mimi niliivunja namba 32 mbele ya kanisa lililojaa.

Padre hakunigombeza. Lakini nje watu walikuwa na la kusema, na mengine niliyasikia kwa masikio yangu. "Mtu mzima na mambo ya vijana. Si aliyataka?" Wiki mbili sikukanyaga sakristia. Niliwaza kurudisha ufunguo. Nilijiambia kwamba nina kazi nyingi, na ni kweli ninazo, lakini moyoni nilijua hiyo siyo sababu.

Jumamosi moja yule mama wa ngumbaru akaja kwangu na ndizi kwenye kikapu. Hakutaja kinanda hata kidogo. Alitoa daftari yake akanionyesha jina lake, ameliandika mwenyewe kwa herufi kubwa. Akasema, "Madam, siku ya kwanza kuandika ubaoni niliweka herufi moja kinyume. Mjukuu wangu alikuwa dirishani, akacheka, na wenzake wakacheka. Nilienda nyumbani nikalia. Jumatatu nikarudi. Kama singerudi, kicheko chao ndicho kingekuwa mwisho wa masomo yangu." Akamaliza chai yake, akaenda zake.

Ndugu zangu, kwa zaidi ya miaka 20 nimewaambia watu kwamba elimu haina mwisho. Kumbe sikujua bei yake. Tunadhani kinachowazuia wazee ni karo, au macho, au akili iliyochoka. Hayo yapo. Lakini bei kubwa ya kujifunza ukubwani ni kukubali kuwa mwanafunzi mbele ya watu waliokuzoea ukiwa mkubwa wao. Mtoto akikosea, watu husema anajifunza. Mtu mzima akikosea, watu husema hajui. Hapo ndipo wengi wetu tunakwama.

MZEE MARUGE NA KAPTULA YAKE

Nchi yetu imewahi kuona watu waliolipa bei hiyo. Mwaka 1979 serikali ilianzisha kampeni ya kufuta ujinga, na watu wazima wengi wakajifunza kusoma na kuandika. Halafu mwaka 2003 elimu ya msingi ikafanywa bure, na mwaka 2004 Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge akaingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na miaka 84. Alisema anataka kujisomea Biblia mwenyewe. Mwaka 2005 alisafiri hadi New York kutetea elimu ya bure. Mwaka 2009 alibatizwa katika Kanisa Katoliki, Nairobi, na mwaka huo huo akafariki.

Watu wengi hukumbuka umri wake. Mimi hukumbuka kaptula. Mzee yule alivaa sare ya shule, kaptula na soksi ndefu, akaketi katikati ya watoto walio wadogo kuliko wajukuu wake. Mzee wa miaka 84 akikubali kuvaa kaptula, masomo mengine yote yatakuwa rahisi.

KWARESIMA ILINIOKOA

Nilirudi kwenye kinanda wakati wa Kwaresima. Kanisa linataka kwamba katika Kwaresima ala zitumike kusindikiza waimbaji tu, isipokuwa Jumapili ya nne na siku za sikukuu. Hakuna mbwembwe. Kwa mwanafunzi mwenye kodi tatu, hicho ni kipindi cha neema kweli kweli. Nilizima ngoma zote, nikachagua sauti moja tu, nikapiga kodi zangu taratibu chini ya waimbaji.

Hapo ndipo nilipogundua jambo moja: mashine haipumui. Ukiiweka kwenye mwendo wa mapigo 90 kwa dakika, itakwenda 90 hata kama wazee wamechelewa kwa neno. Haimngoji mtu. Lakini kwaya inapumua, na kuna wimbo ambao watu wanauimba polepole kwa sababu wiki hiyo wamezika. Ngoma za mashine zilipozimwa, niliweza kuwangoja. Hata baada ya Pasaka, ngoma hizo nazitumia mara chache. Tuna vijana wenye ngoma na kayamba zao, na wao wana masikio.

YA KUMSAIDIA ANAYEANZA

Kwa yeyote wa umri wangu au zaidi anayetaka kujifunza kinanda, nasema haya. Mengine yatamfaa hata anayejifunza kompyuta.

Kwanza, chukua kidogo. Mwezi wa kwanza nilitumia vitufe vinne: cha kuwasha, cha kuongeza na kupunguza sauti, cha kuchagua ala, na cha kusimamisha. Vingine tulivifunika kwa karatasi. Usione haya kufunika. Haba na haba hujaza kibaba.

Pili, jifunze kusimamisha kabla hujajifunza kuanzisha. Mnajua kwa nini.

Tatu, dakika 20 kila siku zinashinda saa tatu za Jumamosi. Kinanda kina tundu la kuchomeka spika za kuvaa masikioni, kwa hiyo unaweza kukosea bila majirani kusikia. Stima ikipotea, piga juu ya meza huku ukiimba solfa. Vidole vinajifunza hata hapo.

Nne, andika. Vijana wana kumbukumbu, sisi tuna daftari. Kila wimbo una ukurasa wake: namba ya mdundo, mwendo, sauti imepandishwa au kushushwa ngapi, na kodi ya kuanzia. Mara nyingi ukizima mashine inasahau ulivyoipanga. Daftari haisahau.

Tano, hesabu wimbo kabla ya kuchagua mdundo. Imba huku ukipiga makofi. Ukiona unahesabu moja-mbili-tatu, usibonyeze mdundo wa moja-mbili-tatu-nne, hata kama ni mtamu namna gani. Vitagombana mpaka mwisho wa wimbo.

Sita, mtafute mwalimu aliye hai, hata awe mtoto. Simu zina masomo mengi ya video, na mimi hutazama nikiwa na pesa za bando. Lakini simu haiwezi kukuambia kwamba kidole hicho sicho.

OMBI LANGU

Kwa baraza la parokia, naomba jambo moja. Kinanda kilichonunuliwa kwa jasho la watu wote kisitegemee vidole vya mtu mmoja. Tufundishe angalau watatu, na katika hao watatu mmoja awe mama au mzee. Kijana ataenda shule au ataenda kutafuta kazi, na tusimlaumu. Mama huyu na mzee huyu watabaki hapa. Wapeni ufunguo na saa yao ya mazoezi, ambayo hakuna mtu atakayepita mlangoni kuchungulia.

Kwa vijana: mkituona tunakosea, msicheke dirishani. Ingieni ndani mtuonyeshe. Tutawaita Mwalimu, na heshima yenu kwetu haitapungua wala yetu kwenu.

Na kwa wenzangu wenye mvi: msingoje mpaka aibu iishe ndipo muanze. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama huko watu watakuona. Waache waone.

Mimi sasa napiga nyimbo kumi na moja. Si nyingi, lakini kinanda hakikuuzwa, na leso yake imerudi kwa mwenyewe. Yule mama naye siku hizi husoma Injili katika jumuiya yake. Husoma polepole, kidole kikifuata mstari. Akikwama kwa neno, tunangoja.

Mwezi uliopita aliniuliza tena swali lake lile: "Madam, mwaka huu umejifunza nini?" Safari hii nilikuwa na jibu. Basi nami nawaachia ninyi swali hilo hilo, kila mtu aende nalo nyumbani kwake.